Makazi ya Mume na Mke wa Nchi Mbili: Jawabu kwa Muulizaji wa Ruaha Mbuyuni

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Sifa zote njema zamstahiki Mwenyezi Mungu, aliyetujaalia nasaba na ukwe, na rehema na amani zimfikie bwana wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake. Ama baad.

Ndugu zangu Waislamu wa pwani, wengi wenu mmepanda bara kwa biashara na kilimo, na baadhi yenu mmefika hapa Ruaha Mbuyuni, chini ya mlima wa Kitonga, kando ya mto Ruaha Mkuu, mahali ambapo mtu atokaye Morogoro huingia nchi ya Iringa. Jua lake ni kali kama la kwetu, mibuyu imesimama vilimani, na mabondeni hulimwa vitunguu kwa maji ya mto. Mimi nami ni mtu wa pwani niliyekuja kusomesha Kurani hapa, na baada ya darasa ya magharibi watu huniletea masuala yao. Mojawapo ni hili. Nimeona jawabu lake lisibaki kwa mtu mmoja, kwani wenye kupatwa na jambo hili ni wengi.

SUALA

Mtu mmoja wa Pangani, mkulima wa vitunguu hapa, amemuoa mwanamke wa Kingazija. Ndoa yao ina miaka sita, na wana watoto wawili. Mama wa mke amekuwa mtu mzima sana, wala hana binti mwingine. Naye ana nyumba huko Ngazija ambayo ni ya huyu binti. Mke amemwambia mumewe: “Twende tukakae kwetu.” Mume akasita. Ana shamba hapa, na mama yake mwenyewe yu hai huko Pangani. Wenzake wamemcheka, wakamwambia kuwa mwanamume anayemfuata mke hakuoa, bali ameolewa. Akaniuliza mambo matatu. Je, sharia yamlazimisha mke amfuate mume popote? Je, ni aibu katika dini mume kukaa kwa mkewe? Na la tatu: afanye nini?

JAWABU

Fasili ya kwanza: Makazi ni haki ya nani

Fahamu, ndugu yangu, ya kuwa makazi ni deni la mume na ni haki ya mke. Mwenyezi Mungu ameamrisha katika Sura At-Talaq, aya ya 6, kwamba wake wakalishwe pale wanapokaa waume wao, kwa kadiri ya uwezo wa waume hao. Kisha papo hapo akakataza wasidhuriwe kwa kutiwa dhiki. Wanavyuoni wetu wa madhehebu ya Shafi wamesema kuwa nyumba hiyo yapasa imstahiki mke kwa hali yake, wala si sharti iwe milki ya mume. Ikiwa ya kupanga yatosha, na ikiwa ya kuazimwa yatosha.

Na asli ya mambo ni kuwa mume ndiye mwenye kuchagua mji. Akitaka kusafiri na mkewe, mke humfuata, maadamu njia ina amani na mji wanaouendea una amani. Akikataa bila ya udhuru huwa nashiza, na masurufu yake husimama. Hii ndiyo hukumu, nami siifichi.

Lakini wako watu waliohifadhi hukumu hii na kuisahau aya iliyokaa juu yake. Hao huitumia haki ya makazi kama fimbo. Mke akigombana nao humwambia: “Kesho nakuhamisha nikupeleke usikomjua mtu.” Kumhamisha mke kwa kusudi la kumdhuru ndiko kule kulikokatazwa. Mwenye haki asiitumie kwa dhuluma, maana siku ya hesabu ataulizwa juu ya haki aliyoitumia vibaya kama atakavyoulizwa juu ya haki aliyomnyima mwenziwe.

Fasili ya pili: Ahadi iliyotolewa siku ya kuposa

Nilimuuliza muulizaji: “Siku ulipoposa, uliwaahidi nini wazee wake?” Akasema: “Niliwaambia kuwa sitamtenga na mama yake.” Hapa pana suala lenye khitilafu ya maimamu.

Katika madhehebu yetu, sharti ya kuwa mume hatamtoa mke katika mji wake haimfungi. Ndoa ni sahihi, sharti ni batili, na mahari hurejea kwenye mahari ya mfano wake. Imam Ahmad bin Hanbal ameona kinyume cha haya. Kwake yeye sharti hiyo yapasa kutimizwa, na mume akiivunja, mke ana khiari ya kuvunja ndoa. Hoja yake ni hadithi ya Uqba bin Amir, waliyoipokea Bukhari na Muslim, inayoonyesha kuwa sharti zenye haki zaidi ya kutimizwa ni zile zilizohalalisha ndoa. Na imepokewa kuwa Sayyidna Umar alimhukumia mwanamke aliyewekewa sharti ya kubaki kwao. Wanavyuoni wetu wameifasiri hadithi hiyo kuwa ni kwa sharti zinazoafikiana na ndoa yenyewe, kama masurufu, mavazi na kukaa kwa wema.

Basi kwa madhehebu yetu kadhi hatamlazimisha mume huyu. Hata hivyo muungwana hangoji kadhi amkumbushe neno lake. Ahadi ilitolewa mbele ya wazee, na kwa ahadi hiyo mtoto wao alitolewa. Na katika shauri letu hapa ahadi hiyo lazima iwekwe katika mizani, ijapokuwa haimo katika daftari la ndoa.

Fasili ya tatu: Mume kukaa katika nyumba ya mkewe

Ama kicheko cha wenzake, hicho hakina asli katika dini wala katika desturi zetu sisi wenyewe. Nani katika watu wa pwani asiyejua kuwa katika miji kama Lamu baba alikuwa akimjengea binti yake nyumba, au kumpa orofa katika nyumba yake, kisha mume akahamia humo? Anayewacheka Wangazija huenda akawacheka na babu zake. Na masharifu na mashekhe wengi wa Hadhramauti walifika pwani hii peke yao, wakaoa hapa, wakakaa katika miji ya wake zao, na wana wao ndio mashekhe zetu.

Huko Ngazija jambo hili ni nguzo ya mji mzima. Nyumba hujengwa kwa ajili ya binti, na mume ndiye ahamiaye. Iko na mali waiitayo manyahuli, nayo ni ardhi na nyumba zinazopita kwa upande wa wanawake, kutoka mama kwenda kwa binti, wala kwa desturi yao haigawanywi. Nao ni Waislamu, na madhehebu yao ni haya yetu ya Shafi. Desturi ya manyahuli haiafikiani na mafungu ya mirathi yaliyotajwa katika Sura An-Nisaa. Mgeni aliyeoa huko na ajue mapema kuwa ataikuta. Kwa sharia, mke akifa akaacha mtoto, fungu la mume ni robo ya mali ya mke. Lakini mwenye kwenda Ngazija kwa kutumainia robo ya nyumba ya manyahuli anakwenda kutafuta fitina na ukoo mzima.

Sasa sikilizeni hukumu ya mume akaaye katika nyumba ya mkewe. Wanavyuoni wetu wamesema: mke akimruhusu mumewe akae naye katika nyumba yake, wala asitaje kodi, basi mume hadaiwi kodi, kwani ruhusa hiyo huhesabiwa ni ariya, yaani kuazima. Hapa pana faida mbili. Ya kwanza, kukaa huko ni halali isiyo na shaka. Ya pili, ariya si milki. Mwenye kuazima kitu hana budi kukumbuka kuwa kina mwenyewe. Wala masurufu hayaanguki kwa sababu mume amepewa pa kulala: chakula na mavazi ya mke yangali juu yake kama yalivyokuwa Ruaha Mbuyuni. Aibu hasa ni mtu kula jasho la mkewe chini ya paa la mkewe, naye ana nguvu za kufanya kazi.

Fasili ya nne: Nabii Musa katika nchi ya Madyan

Mwenye kutaka mfano na asome Sura Al-Qasas, kuanzia aya ya 22. Nabii Musa alitoka Misri peke yake, akifukuzwa, hana mali wala jamaa. Alifika Madyan, akawanywesheza maji wanyama wa mabinti wawili, na mzee wao akamwozesha mmojawapo kwa mapatano ya kuchunga miaka minane, na akikamilisha kumi iwe ni kwa hiari yake. Ibn Abbas amepokewa akisema kuwa Musa alitimiza ule muda mrefu zaidi. Kisha akaondoka na mkewe kurudi Misri.

Tazameni mambo matatu katika kisa hiki. Kwanza, Mtume katika mitume wakubwa alikaa katika nchi ya mkewe, kwa wakwe zake, miaka kumi, wala cheo chake hakikupungua. Pili, hakukaa bure: alikaa kwa kazi inayojulikana na muda unaojulikana. Tatu, alipoondoka na mkewe, aliondoka baada ya kutimiza neno lake, hakumtorosha mtoto wa watu.

Na Mtume wetu (S.A.W.), alipoifungua Makka mwaka wa 8 wa Hijra, Ansari waliingiwa na khofu kuwa atabaki katika mji wake wa kuzaliwa. Akawatuliza kuwa uhai wake na mauti yake ni pamoja nao, akarudi nao Madina. Makka aliipenda, lakini alikwisha kuwapa Ansari ahadi. Hapo twajifunza kuwa kuipenda nchi ya kwenu si dhambi, wala si hoja ya kukata kila shauri.

Fasili ya tano: Pimeni kwa siku mbaya

Hii ndiyo roho ya jawabu langu. Watu wa ndoa wakitaka kuchagua nchi huipima kwa siku njema: wapi pana biashara, wapi pana jamaa, wapi pana shule. Mimi nasema wapime kwa siku mbaya, kwani siku njema haimshindi mtu popote. Asiulize, “Nchi hii ni ya nani?” Aulize, “Msiba ukitufika hapa, nani kati yetu atabaki peke yake, na atakuwa na nini mkononi?”

Nilimuuliza muulizaji: “Ukifa wewe hapa Ruaha Mbuyuni, mkeo atakaa eda katika nyumba gani?” Kwani mjane yampasa miezi minne na siku kumi katika nyumba aliyokuwa akikaa wakati wa kufiwa. Akanijibu kuwa nyumba ni ya kupanga, na kodi hulipwa baada ya mavuno. Nikamuuliza: “Nani wake atakayekuja kumkalia?” Akasema: “Hana mtu huku.” Nikageuza: “Mkihamia Ngazija, akafa yeye, wewe utalala wapi baada ya matanga?” Akanyamaza kitambo kirefu.

Nikamwambia tena: “Mkiachana huko, nyumba ni yake. Kabla ya talaka ulikuwa umeazimwa. Baada ya talaka, akikaa eda katika nyumba yake mwenyewe, anayo haki ya kukudai kodi ya muda huo, na wewe ndiye utakayetoka na kifurushi. Na watoto je?” Madhehebu yetu yasema wazazi walioachana, mmoja wao akisafiri safari ya kuhama, baba hutangulizwa kuwa na mtoto ili nasaba isipotee, kwa sharti ya amani ya njia na ya mji. Lakini hukumu ya kitabuni ni jambo moja, na kumtoa mtoto mapajani mwa bibi yake bila ya fitina ni jambo lingine.

Watu wa Unguja wanayo ibra ambayo haijasahauliwa. Bibi Salme, binti wa Seyyid Said bin Sultan, aliondoka Unguja mwaka 1866. Mwaka 1867 alibatizwa huko Adeni, akaolewa na Heinrich Ruete, mfanyi biashara Mjerumani, akamfuata kwao Hamburg. Kwa sharia yetu mwanamke wa Kiislamu haozwi kwa asiyekuwa Mwislamu, wala sikitaji kisa hiki kuwa mfano wa ndoa. Nakitaja kwa jambo moja tu. Mwaka 1870 mumewe alifariki kwa ajali ya gari la reli la mjini, naye akabaki na watoto watatu wadogo katika nchi ambayo hakuwa na ndugu. Mwaka 1885 alikuja Unguja kutafuta urithi wake, lakini hakufanikiwa. Alifia Jena, Ujerumani, mwaka 1924. Binti wa Sultani, aliyezaliwa katika jumba la Mtoni, ugeni ulimwelemea siku ambayo mume mmoja alifariki. Basi itakuwaje kwa binti wa mtu masikini tuliyemtoa kwao, tusimwekee hata nauli ya kurudi?

Fasili ya sita: Hukumu za serikali

Zama hizi mtu hahami kwa chombo na pepo tu, bali kwa hati. Asiyezijua hukumu za serikali huweza kuwatenga mke na watoto wake bila ya kukusudia.

Katika Tanzania, Sheria ya Uraia ya mwaka 1995 yampa mke mgeni aliyeolewa na Mtanzania njia ya kuomba uraia kwa sababu ya ndoa. Mume mgeni wa mwanamke Mtanzania hana mlango huo wa ndoa. Na mwanamume Mtanzania, mtu mzima, akichukua kwa hiari uraia wa nchi nyingine, hupoteza wa Tanzania. Mwenye shamba hapa na alifikiri hilo sana, kwani Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 ilipotungwa haikumpa ardhi asiyekuwa raia ila kwa ajili ya uwekezaji.

Kenya, kwa Katiba ya mwaka 2010, imekubali uraia wa nchi mbili, na aliyekaa katika ndoa na Mkenya kwa muda usiopungua miaka saba anaweza kuomba kuandikwa raia. Oman, mwaka 2023, ilitoa amri ya Sultani iliyoondoa ile lazima ya zamani ya raia wake kuomba ruhusa kabla ya kuoa au kuolewa na mgeni.

Ama Komoro, ni dola iliyojitawala tangu tarehe 6 Julai 1975, na lugha zake za serikali ni Kikomoro, Kifaransa na Kiarabu. Basi cheti cha ndoa na vyeti vya watoto vitafsiriwe kabla ya kuondoka. Na jihadharini na Maore. Kisiwa hicho kiko chini ya Ufaransa, na tangu mwaka 1995 watu wa visiwa vitatu vingine hawaingii ila kwa viza. Wengi wamezama wakijaribu kuvuka usiku kwa mashua ndogo. Mtu asidanganywe kuwa akifika Komoro amekaribia Ulaya. Kujitia katika maangamizi ni haramu.

Tanbihi: Mambo saba ya kuandikwa kabla ya safari

Mume na mke wakae pamoja, mbele ya wazee wa pande zote mbili, waandike haya:

1. Wanakwenda kwa muda gani, na lini watakaa tena washauriane.
2. Mume atapata wapi masurufu huko, kwa kazi gani.
3. Nyumba watakayokaa ni ya nani, na mume anakaa humo kwa ariya au kwa kodi.
4. Nauli ya kurudi ya kila mmoja, iwekwe mbali, isiguswe kwa biashara.
5. Mmoja akifa, nani atamsimamia aliyebaki, na eda itakaliwa wapi.
6. Wakiachana, watoto watakaa kwa nani, na mzazi wa pili atawaona vipi.
7. Mzazi aliyeachwa nyuma ataangaliwa na nani, na kwa fedha ya nani.

Mume na mke wasioweza kuyazungumza mambo haya saba kwa upole hawajawa tayari kuhama, hata wakipewa nyumba ya bure.

Na msafiri akumbuke sala yake. Kuoa katika mji peke yake hakumfanyi mtu mkazi wa mji huo. Akinuia kukaa siku nne kamili, mbali na siku ya kufika na ya kuondoka, ruhusa ya kupunguza sala hukatika tangu anapofika. Watu wengi hupunguza sala mwezi mzima kwa wakwe zao na huku wamenuia kukaa. Hao sala zao zina deni.

Khatima

Majibu ya masuala matatu kwa ufupi ni haya. Mke humfuata mume penye amani, lakini mume asiitumie haki hiyo kudhuru. Kukaa kwa mke si aibu. Aibu ni kuacha wajibu. Na la tatu, afanye nini: nilimwambia kuwa ana mama wawili wa kuwafikiri, wala mmoja hamfuti mwenziwe. Mama wa mke hana binti mwingine, na mama yake mume ana watoto watatu Pangani. Basi kwa hali yao hii, na kwa ahadi aliyoitoa, naona aende, lakini aende kwa muda, baada ya kutaka radhi ya mama yake, wala asiuze shamba. Ingekuwa yeye ndiye mtoto wa pekee, jawabu langu lingegeuka.

Mkewe alikuwa nyuma ya mlango akisikiliza. Nilipofika kwenye nauli ya kurudi, alisema kwa sauti: “Sheikh, hiyo yake nitaiweka mimi, asije akasema kwetu ni kifungo.” Nikajua kuwa nyumba hiyo ina heri.

Wamekwisha kuondoka baada ya mavuno. Shamba yuko nalo nduguye kwa hati, na kila mwezi mama wa Pangani hupelekewa fungu lake. Kama watarudi au watabaki, Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye. Ila wameondoka wakiwa wamekwisha kuitazama siku mbaya usoni, kila mmoja akimfikiria mwenziwe.

Nawe, ndugu msomaji, ikiwa una shauri kama hili, sali rakaa mbili za istikhara, waulize wenye akili wasio na tamaa katika jambo lako, kisha umuulize mkeo, usikilize mpaka amalize.

Twamuomba Mwenyezi Mungu azijaalie nyumba zetu utulivu popote zilipo, awarehemu wazee wetu, na awakusanye waliotengana kwa bahari. Wallahu aalam. Amin.